Hewa inavujia chini: kisa cha kidonda cha pilonida na mashine ya kufyonza

Mgonjwa ni kijana wa miaka 26, dereva wa bajaji wa Mbagala, anayeshinda kitini tangu alfajiri hadi usiku unapoingia. Ana kilo 92 na nywele nyingi mgongoni na kwenye makalio. Havuti sigara, sukari yake ni ya kawaida, kipimo cha VVU ni hasi. Kwa mwaka mmoja na nusu uvimbe ulikuwa ukimtokea juu kidogo ya mfereji wa makalio, usawa wa kifandugu. Mara mbili ulipasuliwa kama jipu la kawaida. Usaha ulitoka, akapata nafuu wiki tatu, nne, kisha ukarudi palepale. Katikati ya hapo alikuwa ananunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa kila maumivu yalipoanza.

Alipolazwa kifudifudi na makalio yakatanuliwa chini ya taa, vilionekana vishimo vitatu, kila kimoja kama tundu la sindano nene, vimejipanga katikati kabisa ya mfereji. Kwenye kimoja ncha ya unywele ilikuwa inachungulia. Huo ndio utambulisho wa sainasi ya pilonida (kijifereji chini ya ngozi chenye nywele ndani), na jina lenyewe la Kilatini maana yake ni kiota cha nywele. Daktari Hodges aliliandika mwaka 1880. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, maelfu ya wanajeshi wa Marekani walilazwa kwa ugonjwa huu, na mwaka 1944 daktari Buie akauita ugonjwa wa "jeep", akimaanisha lile gari la kijeshi. Kukaa muda mrefu kwenye kiti kinachotikisika, jasho, msuguano na nywele zilizokatika ndivyo vinavyosukuma nywele ndani ya ngozi. Bajaji kwenye barabara za Mbagala inavitoa vyote hivyo kwa siku moja.

Jipu linalorudi mahali palepale kwenye mstari wa kati si jipu tu. Kwa mazingira yetu kuna mengine mawili ya kuyaondoa kwanza: fistula ya njia ya haja kubwa (kijifereji kisicho cha kawaida kutoka njia hiyo hadi kwenye ngozi), ambayo tundu lake mara nyingi huwa karibu zaidi na njia yenyewe na kamba yake huhisika kwa kidole, na kifua kikuu cha ngozi au cha mfupa. Kwa hiyo kipande kilichokatwa lazima kiende maabara ya patholojia hata kama daktari ana uhakika. Kwa kijana huyu majibu yalionyesha nywele na uvimbe sugu, bila dalili ya kifua kikuu wala saratani. Jambo hili lina uzito wa pekee hapa, kwa sababu mashine ya kufyonza, ambayo angewekewa baada ya upasuaji, haiwekwi kwenye kidonda chenye saratani, wala juu ya mfupa wenye maambukizi yasiyotibiwa, wala juu ya nyama iliyokufa ambayo haijaondolewa.

Upasuaji ulitoa eneo lote hadi kwenye utando mgumu unaofunika mfupa wa sakramu (ulio juu ya kifandugu), na kidonda kikaachwa wazi. Kilipimwa urefu sentimita 9, upana 4, kina 3.5. Ncha ya chini ilikuwa sentimita 3 kutoka njia ya haja kubwa. Sentimita hizo tatu ndizo zilizokuja kuamua kila kitu.

Siku ya kwanza kilijazwa gozi tu ili kuhakikisha damu imekata. Siku ya pili mashine ikawekwa.

Kinachofanyika ni hiki: sponji nyeusi yenye matundu ya mikroni 400 hadi 600 inajaza shimo, plastiki ya kunata inafunika sponji na ngozi ya pembeni, tundu la kama sentimita 2.5 linakatwa juu ya plastiki, mpira wa kufyonzea unabandikwa hapo, na mashine inavuta hewa hadi milimita 125 za zebaki chini ya hewa ya kawaida. Namba hiyo ilitokana na kazi ya watafiti Morykwas na Argenta, iliyochapishwa mwaka 1997. Mvuto unaondoa majimaji, unapunguza uvimbe wa nyama za pembeni, unavuta kingo zikaribiane, na ule mkwaruzo mdogo wa matundu ya sponji unachochea nyama nyekundu changa iote. Mashine haiui wadudu kwa namna ya kutegemewa, wala haiondoi nyama iliyokufa. Anayeiweka juu ya uchafu anaufungia uchafu ndani ya plastiki.

Badiliko la kwanza, siku ya nne, lilikuwa zuri. Sakafu ya kidonda ilikuwa imeanza kuwa nyekundu yenye chembechembe, kopo lilikuwa na mililita 140 za majimaji ya rangi ya waridi. Akaruhusiwa kwenda nyumbani na mashine ndogo ya kubeba begani, arudi kliniki mara tatu kwa wiki.

Usiku wa siku ya nane umeme ulikatika mtaani kwao. Betri haikuwa imejaa, kwa sababu mchana alikuwa ameiacha mashine itembee kwa betri ili aweze kukaa kibarazani. Ilizima kama saa sita usiku. Alifika kliniki saa tatu asubuhi. Kwa muda wa saa tisa sponji iliyolowa ilikuwa imekaa juu ya kidonda bila mvuto, imefungwa plastiki, kwenye joto la Dar. Ilipotolewa ilinuka, na ngozi ya kingo ilikuwa nyeupe na imelegea kama ya vidole vilivyokaa majini muda mrefu.

Sheria iliyovunjika hapo inajulikana: jumla ya muda wa kuzima isizidi saa mbili ndani ya saa 24. Zaidi ya hapo sponji inatoka, kidonda kinaoshwa, gozi yenye unyevu inawekwa. Tatizo ni kwamba sheria hii ilikuwa kichwani mwa nesi, haikuwa nyumbani kwa mgonjwa. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimhudumia, aliambiwa tu "mashine isizimwe". Hakuambiwa afanye nini ikizima yenyewe. Kwa mji ambao umeme hukatika, mgonjwa hapaswi kutoka hospitalini bila mfuko wenye glovu, gozi pakiti kumi, plasta pana na chupa ya maji ya chumvi ya hospitali ya mililita 500, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani aliyeonyeshwa kwa mikono yake mwenyewe jinsi ya kutoa sponji na kuhesabu vipande. Maji ya chumvi yakiisha, maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha kuoshea. Na mashine ichajiwe kila umeme unapokuwepo, hata kama betri inasoma nusu.

Hakuandikiwa antibiotiki siku hiyo, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hakuwa na homa, wekundu haukuwa umesambaa, na harufu iliisha kidonda kilipooshwa. Harufu ya sponji iliyochacha si sawa na maambukizi ya nyama.

Kengele ya kila usiku

Kuanzia siku ya tisa mashine ikaanza kulia usiku kwamba hewa inavuja. Mchana ilitulia. Nyumbani walifanya kile ambacho kila mtu angefanya: walibandika kipande kingine cha plastiki juu. Kufikia siku ya 14 kulikuwa na tabaka tano, na kengele bado inalia.

Tabaka za juu hazikusaidia kwa sababu hewa haikuwa inapita juu. Kinachotakiwa kufanywa ni kuongeza mvuto, kunyamaza, na kusikiliza. Uvujaji una mlio mwembamba wa kufoka, kama tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Kisha kidole kinapitishwa polepole ukingoni mwa plastiki, kikibonyeza, hadi mlio ukatike. Kwa kijana huyu ulikatika kidole kilipobonyeza ncha ya chini, pale mfereji unapoelekea njia ya haja kubwa. Plastiki ilipoinuliwa ilionekana sababu: nywele fupi ngumu zilikuwa zimeota na kuiinua plastiki kutoka kwenye ngozi, kila unywele na kahema kake kadogo, na jasho limejipenyeza chini ya vihema hivyo. Alinyolewa siku ya pili. Unywele unakua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo siku 12 zilimpa milimita nne, na hizo zinatosha kabisa kupitisha hewa. Usiku alikuwa analala ubavu na goti moja limekunjwa kifuani, mfereji unafunguka, plastiki inabanduka.

Kila tabaka jipya liliongeza joto na jasho chini yake, kwa hiyo msaada wa nyumbani ulikuwa unaongeza tatizo. Familia isilaumiwe kwa hilo. Kosa lilikuwa la mabadiliko ya kliniki kutoangalia nywele hata mara moja tangu siku ya pili.

Siku ya 14 kila kitu kilianzishwa upya, na namna kilivyofanywa inastahili kuelezwa taratibu.

Nusu saa kabla ya kutoa sponji mashine ilizimwa na mililita 20 za lignokeini ya asilimia 1, isiyo na adrenalini, zikaingizwa taratibu kwenye mpira hadi sponji ilipolowa. Hizo ni miligramu 200, ambazo kwa kilo 92 zina usalama wa kutosha. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayomfanya mgonjwa akatae mashine. Baada ya siku tatu nyama changa inakuwa imeingia kwenye matundu ya sponji, na ukiivuta kavu inachanika, inatoa damu, na mgonjwa anaruka kitandani. Hata maji ya chumvi matupu yanasaidia. Kama inashika kila mara, weka tabaka moja la gozi ya mafuta yenye matundu mapana kabla ya sponji, au fupisha muda uwe saa 48.

Sponji zilihesabiwa: moja. Juu ya plastiki ya zamani palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino "1", na tarehe. Kuandika huko si mapambo. Kipande cha sponji kilichosahaulika kwenye kona ya kidonda hufunikwa na nyama ndani ya siku chache, na hakuna anayekikumbuka hadi usaha uanze kutoka.

Ngozi ilinyolewa kwa mashine ya kinyozi yenye meno, si wembe, kwa sababu wembe unachuna na kuacha mikwaruzo ambayo plastiki itaifungia. Kunyoa kulifika sentimita 5 kuzunguka kidonda chote, pamoja na sehemu ambayo watu huona aibu kuifikia, hadi ukingoni mwa njia ya haja kubwa. Nywele zilizodondoka ziliokotwa kwa plasta ya kunata, kisha ngozi ikaoshwa kwa sabuni, ikasuuzwa, ikakaushwa kwa gozi na kupeperushwa hewa dakika tano. Dakika tano kamili. Wengi wanasubiri moja, na plastiki inayobandikwa kwenye ngozi yenye unyevu haimalizi usiku.

Makalio yalitanuliwa kiasi tu, kwa vipande viwili vya plasta pana vilivyofungwa kwenye pande za kitanda. Ukitanua mno, plastiki itabandikwa ikiwa imenyooka na makalio yakirudi pamoja itakunjamana na kuacha vijifereji vya hewa. Usipotanua kabisa, itapasuka akichuchumaa.

Kwenye ncha ya chini palijazwa dawa nzito ya kuziba, ile inayotumiwa na wagonjwa wenye stoma (tundu la tumboni la kutolea choo). Ilipakwa kama kijiti chembamba kukata mfereji, kati ya kidonda na njia ya haja kubwa, ikabonyezwa kwa kidole kilicholowa hadi bonde likawa bapa. Juu yake kikawekwa kipande cha plasta nene ya haidrokoloidi cha upana wa sentimita 2. Sasa plastiki ilikuwa na uwanja wa kushika. Ilikatwa vipande vitano badala ya karatasi moja kubwa, cha kwanza kikianzia chini, kila kimoja kikikanyaga kingine sentimita moja na nusu. Haikuvutwa wakati wa kubandika. Plastiki iliyovutwa hujirudi na kuinua malengelenge.

Sponji yenyewe ilikatwa mbali na kidonda, si juu yake, ili makombo yasidondoke ndani, na kingo zikasuguliwa kwa vidole. Ilikatwa nyembamba kidogo kuliko shimo. Watu hupenda kuisindilia. Sponji iliyosindiliwa inasukuma kingo nje badala ya kuzivuta ndani, na hiyo ni kinyume cha kazi tunayoitaka.

Mpira haukubandikwa juu ya kidonda. Ukibandikwa hapo, mgonjwa anaulalia na kuukalia, na ndani ya siku mbili unapata kidonda kipya cha mgandamizo. Njia ni kujenga daraja: ukanda wa plastiki unabandikwa kwanza kwenye ngozi nzima kutoka kidondani hadi ubavuni juu ya nyonga, ukanda wa sponji unalazwa juu yake, unafunikwa tena, na mpira unabandikwa mwisho wa daraja hilo. Sponji isiguse ngozi nzima hata kidogo, kwani itainyonya hadi ivimbe na kuchubuka.

Mashine iliwashwa kwa 75, ikapandishwa kwa hatua za 25 hadi 125 ndani ya robo saa, mvuto wa mfululizo. Sponji ikanywea na kukunjamana kama tende kavu. Ikibaki laini na imejaa, bado kuna hewa. Kisha kijana akaambiwa asimame, akae kwenye kiti, achuchumae nusu, alale ubavu na kukunja goti. Mashine ilikaa kimya. Jaribio hili la mikao huchukua dakika tatu, na lingefanyika siku ya nne lingeokoa usiku ule wote wa kengele.

Chooni alipewa maelekezo mawili. Atumie choo cha kukaa pale kinapopatikana, na asipopata asichuchumae hadi chini kabisa. Na ajisafishe kuelekea mbele. Wengi tumefundishwa kupangusa kuelekea nyuma, lakini kidonda hiki kiko nyuma, kwa hiyo mazoea hayo yanapeleka uchafu moja kwa moja ukingoni mwa plastiki. Maji yamwagwe kutokea kiunoni yateremke. Alipewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mililita 15 mara mbili kwa siku ili asikamue, pamoja na papai, maji na uji.

Kitu kimoja ambacho hakikutokea lakini mama yake alifundishwa: damu nyekundu mbichi ikitembea kwenye mpira, zima mashine mara moja, usiifumue sponji, bonyeza kwa kiganja juu ya plastiki na mpeleke hospitali. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu ana hatari kubwa zaidi, na huyo asipelekwe nyumbani na mashine kirahisi.

Baada ya mashine

Siku ya 28 kidonda kilikuwa sentimita 5.5 kwa 2, kina 0.8, chekundu, hakuna mfuko pembeni. Mashine ikaondolewa. Kuna wanaoiendeleza hadi ngozi ifunge, na hiyo ni kupoteza pesa. Kazi yake ni kujaza shimo. Kina kikishafika chini ya sentimita moja, sponji haina pa kukaa, na ngozi changa inayotambaa kutoka ukingoni inang'olewa kila badiliko. Alihamia kwenye kuoga mara mbili kwa siku kwa maji ya bomba yanayotiririka, na gozi laini lisilosindiliwa.

Siku ya 45 vipimo vilikuwa vimesimama wiki mbili. Kutoka juu kidonda kilionekana kimefungwa upande wa chini, lakini kijiti chembamba cha kupimia kilipita chini ya ngozi sentimita 1.2. Ngozi ya kingo mbili ilikuwa imeshikana juu kabla sakafu haijapanda, kama daraja juu ya mtaro, na chini ya daraja kulikuwa na nywele mbili zilizolegea. Daraja lilifunguliwa kwa ganzi, nywele zikatolewa kwa koleo, na kijana akanyolewa tena. Kliniki iliyokuwa ikiandika tu "kidonda kinaendelea vizuri" bila kijiti isingeliona. Kilifunga kabisa siku ya 79.

Siku 79 si ushindi wa mashine, na ni haki kulisema hilo kwa mgonjwa kabla hajalipia. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014, uliogawa wagonjwa 49 kwa bahati nasibu baada ya upasuaji huuhuu, ulikuta kidonda kinapungua haraka zaidi wiki mbili za mwanzo kwa waliotumia mashine, lakini muda wa kupona kabisa haukutofautiana kwa maana: siku 84 kwa mashine, 93 kwa gozi. Alichonunua kijana huyu ni badiliko mara tatu kwa wiki badala ya kila siku, safari chache za daladala akiwa amesimama, na maumivu pungufu baada ya dawa ya ganzi kuanza kupitishwa kwenye mpira. Kwa baadhi ya familia hilo linatosha. Kwa nyingine gozi na maji ya bomba ni uamuzi wa busara zaidi.

Na pale ambapo daktari wa upasuaji ana ujuzi wa kufunga kidonda kwa kuhamishia mshono pembeni ya mstari wa kati, kwa njia ya Karydakis au ya Limberg, hilo lizungumzwe kwanza. Mshono ukishika, kidonda hupona ndani ya wiki chache na mashine haihitajiki kabisa. Mshono wa katikati kabisa ya mfereji ndio wa kuukwepa. Hufumuka na ugonjwa hurudi.

Amerudi barabarani wiki ya 13, na anashuka kwenye bajaji kila baada ya saa moja. Kila baada ya wiki mbili ndugu yake anamnyoa eneo lile kwa mashine ya meno. Siku ya kwenda kinyozi anaoga palepale arudipo, mgongo wote, kwa sababu nywele fupi zilizokatwa kisogoni ni kali kama sindano na huteremka na jasho hadi kwenye mfereji. Kati ya nywele zinazokutwa ndani ya viota hivi, nyingi zimetoka kichwani.